Picha Kumi na Mbili za Watu Wanaosubiri

Ijulikane kwa wote watakaosoma maandishi haya kwamba mwandishi wake ni kijana mwenye tabia njema, nidhamu ya hali ya juu na heshima kwa wakubwa, na kwamba anacho cheti cha kuthibitisha hayo, chenye muhuri na saini ya mwalimu wa nidhamu.

Cheti hicho nilikiandika mwenyewe. Muhuri niliuchonga kwenye kiazi, na ungekuwa siri mpaka leo kama kiazi chenyewe kisingekutwa chini ya kitanda changu bwenini, kikiwa kimeanza kuota majani. Mwalimu wa nidhamu alisifu mwandiko, akasifu muhuri, kisha akaandika barua ya kweli ya kunirudisha nyumbani siku kumi kabla ya likizo.

Mama hakunifokea. Aliikunja barua mara nne, akaiweka kabatini chini ya sahani za wageni, mahali anapoweka mambo ambayo hataki yaonekane wala yasahaulike. Kisha akampigia simu kaka yake.

“Kaka, si ulisema Ijumaa unasafiri na kamera yako? Mchukue na huyu. Mfanye mchukuzi, mfanye mzigo, mimi vyote sawa.”

Mjomba wangu ni fundi miwani. Duka lake ni chumba kimoja chembamba kama korido. Ukutani fremu zaidi ya mia zinakukodolea macho ambayo hazina, na nyuma ya pazia kuna mashine ya kusaga lenzi inayotiririsha maji meupe kama maziwa. Nusu ya mtaa wetu inaona kwa sababu yake. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, hatakwambia fundi miwani. Atakwambia anapiga picha, kisha atashusha sauti na kuongeza, “kwa kujifurahisha tu,” kama mtu anayekiri kwamba ana mke wa pili.

Katika upigaji picha wake ana mazoea mawili. La kwanza, skrini ya kamera ameiziba kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Anasema mtu anayekimbilia kuangalia picha aliyoipiga anaikosa inayofuata. La pili, kabla ya kupiga huipandisha miwani kwenye paji la uso, maana ikigusana na kamera inakwaruzika, na miwani ile ni kazi ya mikono yake. Bila miwani, mjomba hatofautishi ng’ombe na gari dogo. Kamera inajitafutia yenyewe pa kulenga; yeye anaielekeza upande wenye watu na kubonyeza, akiwa amejaa imani.

Basi tufikirie pamoja, kwa utulivu na bila jazba. Hapa pana mpiga picha asiyeona, na kamera isiyoonyesha. Mtu mwadilifu kama mimi angefanya nini?

Stesheni, mjomba alipokwenda dirishani kukata tiketi, nilifungua begi la kamera, nikachota mafuta yangu ya midomo kwa kidole kidogo na kuipaka lenzi katikati, duara jembamba, kwa upole wa daktari wa macho. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Tukirudi angetoa utepe, angekuta amepiga mizimu mitupu, tungecheka mpaka tushike mbavu, mimi ningefuta lenzi, mchezo kwisha. Yeye hangegundua lolote njiani. Bila miwani dunia yote kwake ni ukungu, kwa hiyo ukungu wangu haungemshtua.

Treni ilituchukua saa mbili mpaka mji mdogo ambapo njia mbili za reli zinakutana. Mjomba alikuwa ameuchagua kwa sababu hiyo. “Watu wa hapa,” aliniambia, “hawana budi kusubiri treni ya upande wa pili. Kusubiri wanakujua.” Alitaka picha kumi na mbili tu, zote za watu wanaosubiri, si pungufu wala zaidi.

Nikiri kwamba ilikuwa raha kumtazama. Mjomba hampigi mtu picha kwa kuviziavizia. Anakwenda mpaka mbele yake, anasalimia, anauliza habari za nyumbani, kisha anasema, “Samahani, ndugu yangu, naomba nikupige picha unavyosubiri. Usifanye kitu. Endelea kusubiri.” Ukimwambia mtu aendelee kusubiri, anasahau kabisa inavyofanywa. Mmoja alisimama kama askari wa gwaride. Mwingine, mwanamume aliyekaa nje ya kibanda cha fundi simu, akaanza kutabasamu kama bwana harusi.

“Usitabasamu, bwana,” mjomba akamwomba.

“Nimesubiri tangu juzi. Nikiacha kutabasamu nitampiga huyu fundi.”

“Nakusikia,” fundi akajibu kutoka ndani.

Jua lilipoanza kulegea mjomba alikuwa amemaliza kumi na mbili zake, na tukaingia nyumba ya wageni, chumba chenye vitanda viwili na sinki linalodondoka. Alivaa miwani, akatoa kitambaa laini cha dukani kwake na kuanza kuisafisha lenzi kama afanyavyo kila jioni. Kitambaa kikateleza. Akakinusa.

“Mafuta. Ni huu mkate wa siagi niliokula sasa hivi. Mikono yangu hii, mjomba, ipo siku itaniumbua.”

Yeye huniita mjomba, nami namwita mjomba, na katika nyumba yetu hakuna anayeona ajabu.

“Labda ni huo mkate,” nikasema. Uongo wenyewe ulikuwa na maneno manne tu, nikauhesabu kuwa mdogo.

Ndipo akanieleza, huku akifuta, jambo ambalo hakuwa amelitaja. Picha zile hazikuwa za albamu. Kulikuwa na chama cha wapiga picha wa ridhaa, kinachokutana Jumapili, na mtu akitaka kuingia lazima apeleke kadi ya kamera yenye picha kumi na mbili za safari moja. Kadi hupelekwa mbichi: hairuhusiwi kusafisha picha, kukata pembeni wala kuchungulia. Kamati na mwombaji huziona pamoja kwa mara ya kwanza, zikiwa ukutani.

“Nimeshajaribu mara mbili,” akasema. “Mara ya kwanza kidole gumba changu kilitokea katika picha tisa. Mara ya pili nilijisahau nikapiga kumi na tatu, hawakuangalia hata moja. Keshokutwa ni ya tatu.”

“Na ikishindikana?”

“Ukishindwa mara tatu huombi tena. Ndiyo kanuni yao.”

Nikauliza chama chenyewe kina faida gani. Kamera anayo, miguu anayo, miji ipo.

Mjomba akainua lenzi kwenye mwanga wa dirisha. “Dukani niko peke yangu, mjomba. Nasaga vioo kutwa, mteja anaingia, anasoma herufi ukutani, anaondoka. Sina mtu wa kumwambia lolote kuhusu mwanga. Wale watu niliwahi kuwasikia wakibishana saa nzima juu ya kivuli cha ndoo. Saa nzima. Nilisimama mlangoni sikutaka kuondoka.”

Hapo ndipo mtu mwema angesema ukweli. Mimi nilisema, “Mungu akipenda watakuchukua,” nikageukia ukuta.

Asubuhi mjomba alikuwa amebakiwa na jambo moja tu: kunyoa ndevu kabla ya treni ya saa nane mchana. Kwa kinyozi tulikuta watu watano mbele yetu. Akakaa, akanikabidhi begi, akaniambia nitembeetembee nisiende mbali.

Nilikwenda nyuma ya duka, nikakaa kwenye kreti tupu na kubandua utepe kwa ukucha, polepole, kama mtu anayetoa plasta kwenye kidonda cha mwenyewe. Nikaziangalia picha. Zilikuwa mizimu, kama nilivyopanga. Nyuso hazikuwa na pua, na taa zilikuwa na ndevu. Nikazifuta moja moja mpaka kadi ikawa tupu, nikaurudisha utepe, ambao sasa ulikuwa umechoka na pembe moja ilikataa kabisa kulala.

Kisha nikakimbia.

Mpango ulikuwa kuwapiga watu walewale mahali palepale. Bahati mbaya watu wanaosubiri wana tabia moja mbaya, wakishapata wanachosubiri wanaondoka. Kwa fundi cherehani hapakuwa na mtu. Kwa fundi viatu nilimkuta binti amesimama kwa mguu mmoja, kiatu kikishonwa, ameshika nguzo na kutazama angani kana kwamba ule mguu mwingine si wake. Nikampiga. Nje ya wodi ya wazazi nilimkuta mwanamume amekumbatia chupa ya chai na beseni, kila mlango ukilia anasimama, kisha anakaa. Nikamwomba kama nilivyomsikia mjomba akiomba, nikaanza na salamu. Akaniuliza kama nimeona nesi yeyote mwenye uso wa furaha. Nikamwambia nimemwona mmoja, na huo ndio uongo wangu pekee wa safari ile ninaoutetea mpaka leo.

Mmoja tu wa jana alikuwa bado yupo, yule wa kibanda cha simu. Ila alikuwa amebadilisha shati.

“Jana si nilipigwa picha hapa hapa?”

“Ya jana haikutoka vizuri.”

“Alinipiga yule mzee. Wewe ni nani?”

“Ni ofisi moja.”

“Basi sawa. Na simu yangu ya jana haikutoka vizuri. Hata mimi niko ofisi hiyohiyo.” Akageuka kibandani. “Unasikia, fundi? Hata hawa wanarudia.”

“Wao hawana vumbi kwenye sakiti,” fundi akajibu.

Nilihesabu kwa vidole, nikirudia kila mara, maana nilikuwa nimeshajua kumi na tatu inafanya nini. Niliporudi kwa kinyozi nilikuwa na kumi na moja, na mbele yangu ikawapo ya kumi na mbili. Mjomba alikuwa ameshaitwa kitini. Kinyozi alikuwa amempaka povu nusu ya kidevu, maji ya moto yakamwishia, akatoka kwenda kuyaomba kwa jirani. Kwenye benchi wanaume watatu walikuwa wamekaa vichwa vimeinama upande mmoja, kama vitabu kwenye rafu isiyojaa. Mjomba kwenye kiti alikuwa amelala fofofo. Nikasimama mlangoni, nikalenga benchi, nikabonyeza. Kamera ikaingia begini, kinyozi akaingia na birika, mjomba akaamka na kuuliza kama nimetembea vizuri.

“Vizuri sana,” nikasema, nikihema.

Jumapili chama kilikutana katika darasa la chekechea, kwa sababu ndilo lililopatikana. Wanakamati watano, watu wazima wenye mvi na vitambi, walikuwa wamekaa kwenye viti vyekundu vya watoto, magoti yakikaribia masikio. Mwenyekiti wao alikuwa mama mstaafu aliyefanya kazi ya eksirei kwa miaka thelathini. Alinisalimia kwa kunitazama kifuani, nikahisi ameona mambo.

“Fundi, karibu tena,” akamwambia mjomba. “Kidole hakimo safari hii?”

“Hakimo, mama.”

“Na ni kumi na mbili?”

“Nimehesabu mara tatu.”

Taa ikazimwa, projekta ikawashwa, na juu ya chati ya a, e, i, o, u akatokea binti wa mguu mmoja.

Mjomba akashusha miwani puani. Akainama kunisogelea. “Huyu simkumbuki.”

“Hukuwa na miwani, mjomba.”

“Kweli,” akasema.

Akatokea mwanamume wa beseni. Wanakamati wakaanza kunong’onezana juu ya mwanga uliopiga kwenye chupa ya chai, mmoja akidai umezidi, mwingine akidai bila huo hakuna picha. Mjomba alikuwa akiwasikiliza huku amefumbua mdomo kidogo, kama mtoto aliyefika dirishani kwa muuza vitu vitamu, na kila walipobishana nilitamani wabishane zaidi. Kisha akatokea mtu wa simu.

“Shati la huyu lilikuwa jekundu,” mjomba akanong’ona. “Rangi mimi naziona hata bila miwani.”

“Ni mwanga, mjomba.”

Kumwambia mjomba wangu habari za mwanga ni kama kumfundisha mpishi kuwasha moto. Alinitazama kwa muda mrefu. Alikaa tu, picha zikipita, ya sita, ya saba, ya nane, akivua miwani na kuifuta, akiivaa na kuivua tena.

Ya kumi na mbili ilipotokea, darasa zima likacheka kwa pamoja, kicheko kile kizuri cha watu waliofurahishwa. Benchi lilikuwepo, na vichwa vitatu vilivyoinama. Lakini juu ya benchi, ukutani, kulikuwa na kioo kirefu cha kinyozi ambacho nilikiangalia bila kukiona, na ndani ya kioo, mkubwa kuliko kitu kingine chochote katika picha ile, kulikuwa na uso wa mzee aliyelala mdomo wazi, povu nusu ya kidevu, miwani kwenye paji la uso.

“Sasa hii,” mwenyekiti akasema, “hii ndiyo picha. Nusu ya uso imeshahudumiwa, nusu bado inasubiri. Mimi nimemaliza, kura yangu ameipata. Fundi, huyu mzee ulimtoa wapi?”

Mjomba akainuka kutoka kwenye kiti chake kidogo, ambacho kiliinuka naye kwanza kisha kikaanguka. Akaenda mpaka ukutani, akasogeza pua kwenye uso ule, hadi picha ikawa inamwangukia mgongoni na kichwani.

“Nilimtoa nyumbani kwangu,” akasema. “Ni mimi.”

Watu wakacheka tena, kisha wakaacha, mmoja baada ya mwingine, kadiri kila mmoja alivyofika mwisho wa hesabu. Mtu aliyelala hawezi kuwa ameshika kamera mlangoni.

Mjomba hakunigeukia mimi. Aliigeukia kamati, na jambo hilo lilinichoma kuliko kama angenizaba kofi mbele ya watu. “Mama mwenyekiti, nadhani hizi picha si zangu. Nadhani hakuna hata moja. Samahani kwa kuwapotezea Jumapili.” Akaanza kufunga mkanda wa kamera, taratibu, tundu kwa tundu.

“Subiri, fundi,” mwenyekiti akasema. Akakizungusha kiti chake chekundu mpaka nikawa mbele yake mimi na begi nililolikumbatia. “Eksirei niliyoisoma maisha yangu yote ni ya mifupa tu. Haya mengine lazima mgonjwa aseme. Inuka, mwanangu.”

Nikainuka. Niliwahi kusimamishwa mbele ya shule nzima, gwarideni, na sikuwahi kukosa neno la kuwachekesha mstari wa nyuma. Pale nililitafuta, sikulipata.

Nikasema yote. Mafuta ya midomo, kidole kidogo, stesheni, wakati mjomba anakata tiketi. Nikasema siagi ilisingiziwa. Nikasema nilibandua utepe, nikazifuta zote, nikapiga nyingine ili ajione ameshinda na mimi nisijulikane, na kwamba kati ya sababu hizo mbili ya pili ndiyo ilikuwa na nguvu zaidi. Nikasema yule nesi wa furaha niliyemtajia mwanamume wa beseni sikumwona. Hilo hakuna aliyeniuliza, lilitoka tu.

Wanakamati wakaegemeana vichwa. Ulikuwa mnong’ono mrefu, na mara mbili nilisikia neno kanuni.

“Kanuni inasema,” mwenyekiti akatangaza, “anayeshindwa mara tatu kwa picha zake haombi tena. Leo mwombaji hajaleta picha yake hata moja. Sasa atashindwaje kwa kitu ambacho hakukileta? Fundi, una nafasi ya tatu bado. Mwezi ujao. Na begi ulibebe mwenyewe.”

Mjomba akakaa. Mwanakamati mmoja aliyekuwa karibu naye akamwambia, kana kwamba mazungumzo yalikuwa yameanza zamani, kwamba ule mwanga wa kwenye chupa ya chai kusema kweli ulizidi, na mjomba akajibu hapana, haukuzidi, ni chupa iliyokaa vibaya, na wakaendelea hivyo kwa muda. Nilidhani nimesahauliwa. Kisha mjomba akaniita.

“Mjomba. Zile zangu. Zilikuwaje?”

“Zilikuwa na ukungu.”

“Najua zilikuwa na ukungu. Ni wewe peke yako uliyeziona duniani. Zilikuwaje?”

Basi nikamwambia, na hapa nakiri na kwenu wasomaji, kwa sababu hata ninyi niliwaficha pale juu. Nilisema zote zilikuwa mizimu. Kumi na moja zilikuwa mizimu. Moja haikuwa. Ilikuwa mimi, nimekaa juu ya begi kwenye jukwaa la stesheni, nimeegemea ngumi, natazama upande ambao treni ingetokea. Sikujua kwamba alikuwa amenipiga. Ukungu ulikuwa umenizunguka pembeni lakini usoni haukufika, na sura yangu ilikuwa ya mtu ambaye sijawahi kumwona, mtu mpole, anayesubiri tu, hana analolipanga.

“Ilikuwa nzuri, mjomba,” nikasema. “Niliitazama mara tatu. Nikaona ukiikuta, nayo ilipigwa kabla ya ule mkate wa siagi, utaniuliza mafuta yalitoka wapi, nikaifuta ya kwanza.”